Kibuyu cha Kwenda Italia

Makaroni ya kwanza niliyopika maishani mwangu niliyasonga.

Ilikuwa Juni, mwaka ule aliotawazwa Malkia, na ukungu ulikuwa umeikalia Njombe siku tisa bila kuinuka. Asubuhi ukitoka nje unakuta sakitu imelala juu ya nyasi, nyeupe kama chumvi iliyomwagika. Mimi nilikuwa yaya katika nyumba ya Bwana Kolins, mhandisi wa barabara. Kazi yangu ilikuwa kumlea mwanawe Robini, mtoto wa miaka miwili na nusu aliyekuwa mgumu wa kula kuliko mtoto yeyote niliyepata kumwona. Jikoni hapakuwa pangu. Mpishi alikuwa Mzee Ezekia, Mkinga wa Bulongwa, ila wiki ile alikuwa kwao msibani. Ndipo Memsahibu akanikabidhi boksi moja lililotoka Dar es Salaam.

"Yudita, hii chakula ya Italia. Chemsha maji, tia chumvi, tia hii, ngoja iwe laini. Basi."

Ndani ya boksi mlikuwa na vijiti vya unga mkavu vilivyotobolewa katikati kama matete. Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikavimimina. Vikaanza kuzungukazunguka ndani ya maji kila kimoja na safari yake. Nikangoja. Vilikuwa laini, lakini havikushikana, na kwetu chakula cha unga kisichoshikana ni chakula ambacho mpishi wake ameitwa akaondoka. Mkono wangu ukaufuata mwiko wenyewe. Nilisonga mpaka jasho likanitoka na baridi ile, nikageuza chungu juu ya sahani, nikalainisha pande zote kwa mwiko uliolowa maji. Ukatoka mlima mzuri. Mchuzi wa nyanya na nyama nikauweka kwenye bakuli pembeni, nikapeleka mezani.

Bwana Kolins alitazama ule mlima. Akamtazama mke wake. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. Memsahibu hakucheka. Boksi lilikuwa moja tu.

Robini alikuwa mapajani pangu. Alinyoosha mkono, akamega, akabonyeza kwa kidole gumba kama alivyoniona mimi nikifanya jikoni, akachovya kwenye mchuzi, akala. Akamega tena. Alikula mpaka mlima ukawa na pango. Memsahibu aliacha uma wake. Tangu Pasaka mtoto yule alikuwa hajamaliza hata nusu ya yai.

Jioni hiyo, chai ikiwa mezani, akaniuliza, "Yudita, wewe unataka kuja Italia na sisi?"

Italia nilikuwa ninaijua, lakini kwa kitabu tu. Memsahibu alikuwa na kitabu cha picha alichokifungua kila ukungu ulipozidi. Likizo yao ya miezi sita ilikuwa inakaribia, na safari hii hawakutaka kwenda kwao Uingereza moja kwa moja. Walitaka kushuka Italia kwanza, wakae mpaka mifupa ipate moto. Alikuwa akinionyesha: hapa jua, hapa watu wanakula nje ya nyumba, hapa ukuta wa zamani sana, wa miaka elfu mbili. Ratiba ya meli alikuwa ameibandika juu ya kitanda cha mtoto, naye humwimbisha majina ya bandari wakati wa kumvalisha nguo za kulalia. Nami nikawa ninaimba pamoja nao: Dar es Salaam, Mombasa, Mogadisho, Adeni, Suezi, Port Saidi, Brindisi, Venisi. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini ile orodha niliweza kuisema usingizini.

"Nataka, Memsahibu," nilisema.

Sikusema kwa kukurupuka. Nilikuwa nimeitaka tangu siku ya kwanza aliponifungulia kitabu kile. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sijapata kufika hata Iringa.

"Utahitaji hati," alisema Bwana. "Baba yako lazima atie dole gumba Boma, mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Bila dole la baba, hakuna safari."

Mzee Ezekia aliporudi kutoka Bulongwa alikuwa ameshazisikia habari zote kabla hajatua mzigo.

"Nasikia umewasongea Wazungu," alisema. "Nyinyi Wabena mkiona maji yanatokota tu, mkono unatafuta mwiko."

"Na nyinyi Wakinga kwa biashara, mngeyauza makaroni kabla hayajaiva," nilimjibu.

Akacheka. Kisha akasema polepole, "Baba yako hatakubali, binti. Ninamjua Lameki."

Nami nilimjua.

*

Jumamosi nikaondoka alfajiri kwenda Mdandu kwa miguu. Nilifika jua limeshapinda. Baba alikuwa uani, amekaa juu ya kigoda, anapukuchua mahindi. Shangazi yangu Esteria, dada yake mkubwa, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Alikuwa upande wa pili wa ungo, naye anapukuchua.

"Kamwene, Baba. Kamwene, Shangazi."

"Kamwene, mwanangu. Umekuja siku isiyo ya kuja. Nani anaumwa?" Baba aliuliza.

Nikakaa, nikachukua hindi, nikapukuchua nao. Baba yangu si mtu wa kuvamiwa na neno. Nilingoja mpaka ungo umejaa mara mbili, ndipo nikasema. Nilipotaja Italia mikono yake ilisimama.

"Wanakwenda kufanya nini huko?"

"Kupumzika, Baba. Kula chakula cha huko, kuota jua, na kutazama majumba ya kale."

"Hayo majumba yakoje?"

"Yamebomoka."

"Wanavuka bahari kwenda kutazama majumba yaliyobomoka."

"Ndiyo, Baba."

"Boma la zamani la hapa Mdandu limebomoka tangu sijaota ndevu. Waambie hawana haja ya meli."

Shangazi alijifunika mdomo kwa kanga. Lakini Baba hakuwa akitania, au alikuwa akitania kwa mdomo tu. Macho yake yalikuwa yamekwenda nyuma ya mlango. Huko nyuma ya mlango lilisimama jembe la baba yangu mdogo, Anania. Lilikuwa limesimama pale tangu mwaka wa arobaini na moja. Mpini wake ulishaliwa na wadudu, na hapana aliyethubutu kuutoa ili jembe litumike. Anania alichukuliwa vitani, kupigana na Waitaliano. Ikaja barua. Karani aliisoma kwa Kiingereza, kisha akasema kwa Kiswahili maneno machache: amekufa vitani na Waitaliano, Serikali inawapa pole. Katika ukoo wetu mtu akifia mbali, matanga yake hayafungwi mpaka uletwe udongo wa pale alipolala ukazikwe nyumbani. Udongo wa Anania haukuja. Nani angeuleta? Basi mtu yule alikuwa amekufa, lakini hakuwa amemaliza kufa, na jembe lilikuwa linamngoja.

"Italia ndiyo iliyomla Anania," Baba alisema. "Sasa inataka na wewe. Hapana."

Akaendelea kupukuchua. Kwake neno lilikuwa limekwisha.

Shangazi Esteria ndiye aliyelifungua tena. Alipepeta ungo mzima kwanza, makapi yakaruka, ndipo akasema bila kumtazama mtu.

"Lameki. Miaka kumi na miwili unasema hakuna wa kumtuma. Leo Mungu anakuletea mjumbe mlangoni, tena wa damu yako, tena kwa meli ya Wazungu, wewe unamfukuza."

Baba alipukuchua mahindi manne. Niliyahesabu.

"Aende," alisema mwishowe. "Aende Italia akalete udongo. Kama ni hivyo, nitaweka dole."

Mimi niliendelea kupukuchua. Nilijua kuonyesha furaha mbele ya jembe lile si adabu.

*

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tulipotoka kanisani Baba alipanda darini, akashusha bomba la mwanzi lililozibwa kwa gunzi. Ndani yake mlikuwa na ile barua.

"Ichukue. Ukifika huko uwaonyeshe, wakupeleke kaburini."

Nikaifungua mlangoni penye mwanga. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la nne, kinaishia kwenye paka aliyekaa juu ya mkeka. Lakini jina la baba mdogo nililiona, na namba yake ya uaskari, na chini yake jina la mji kwa herufi kubwa. Jina hilo sikuhitaji kulisoma mara mbili. Nilikuwa ninaliimba kila jioni na Robini. Mogadisho.

Mogadisho si Italia. Ni bandari ya tatu katika orodha. Italia ni ya saba.

Nilikaa na barua ile mapajani mpaka jua likahama kutoka mlangoni likafika kwenye kinu. Niliwaza mambo yafuatayo, na sitayaficha. Baba hajui kusoma. Shangazi hajui. Ningenyamaza, dole lingewekwa, ningekwenda Italia, ningechota udongo wowote kando ya ukuta wowote wa miaka elfu mbili, na wangeuzika kwa nyimbo, na wangepata amani. Nani angedhurika? Lakini kila nilipofika hapo nililiona jembe. Jembe lile lingetolewa nyuma ya mlango kwenda kufukia udongo wa mtu mwingine. Na mimi ndiye ningejua, peke yangu, kila nitakapokuja nyumbani, maisha yangu yote.

Kwa upande mwingine, nikisema, huenda nikapoteza Italia yote.

"Baba," nilisema. "Baba mdogo hakufia Italia."

Alikuwa anachonga mpini wa shoka. Hakuacha kuchonga. "Karani alisema Waitaliano."

"Alipigana na Waitaliano, lakini katika nchi nyingine waliyokuwa wakiitawala. Amelala Mogadisho. Imeandikwa hapa."

"Mogadisho ni wapi?"

Nikachukua kijiti, nikachora ukingo wa bahari kwenye vumbi la ua. Hapa Dar es Salaam. Hapa Mombasa. Hapa Mogadisho. Kisha nikainuka, nikapiga hatua saba, nikachomeka kijiti chini karibu na ghala la mahindi. "Italia iko hapa."

Baba alitoka kwenye kigoda akaja kutazama. Alisimama juu ya Mogadisho, akageuka akatazama kijiti cha ghalani.

"Kwa hiyo miaka kumi na miwili ninamwombea mtu mahali ambapo hayupo."

"Mungu anajua kupeleka barua hata anwani ikikosewa," alisema Shangazi.

"Hiyo meli inasimama hapo?"

"Inasimama, Baba."

"Kwa muda gani?"

"Sijui."

"Utajua," alisema. "Sikiliza, Yudita. Umeniambia neno ambalo ungeweza kulimeza, na nimeona. Lakini Italia sina haja nayo. Dole langu sitaliwekea Italia. Nitaliwekea Mogadisho. Ukishuka Mogadisho, baada ya hapo nenda hata mwisho wa dunia ukatazame mabomoko. Usiposhuka, usiende kabisa."

"Nitashuka."

"Si wewe wa kusema. Ni mwenye meli na Bwana wako. Nitataka nisikie kwa kinywa chake."

*

Baba alikuja Njombe, akaweka dole Boma. Nilimpeleka kwa Bwana Kolins, tukamweleza. Bwana alimpa mkono, akasema, "Tutaona, mzee. Tutaona."

Tulipokuwa tunarudi Mjimwema nilikokuwa nimepanga chumba, Baba aliniuliza, "Kwa Wazungu, 'tutaona' maana yake nini?"

"Maana yake ni ileile ya kwako, Baba."

Alitembea kidogo. "Basi amekataa."

"Hajakataa. Hajakubali."

"Siku ya safari mtapita Makambako?"

"Tutapita. Bwana anajaza mafuta pale kwa Mhindi."

"Nitakuwapo."

Wiki sita zilizofuata nilimwuliza Bwana mara tatu, kila mara kwa adabu, nimesimama mlangoni, mikono nyuma. Mara tatu alisema tutaona. Nilimwona anavyosema: macho yake yalikuwa kwenye kidaftari chake cheusi alimoandika mambo ya kutazama Italia. Ukurasa baada ya ukurasa, makanisa, madaraja, viwanja, makaburi ya wafalme. Sikuuliza mara ya nne. Maji yakishachemka huna haja ya kuyapulizia.

Siku ya safari tulifika Makambako asubuhi kweupe. Upepo wa pale hauna adabu. Unatoka barabara ya Mbeya na barabara ya Songea kwa pamoja, unakutana katikati na kukuvua kilemba. Baba alikuwa amekaa chini ya ukuta wa duka, amejifunga blanketi, kando yake kibuyu kidogo kilichozibwa. Alikuwa ameondoka Mdandu tangu juzi.

Mhindi alipokuwa akimimina mafuta, Baba aliinuka akamwendea Bwana, akavua kofia.

"Bwana, nimekuja kusikia. Binti yangu atashuka Mogadisho?"

Bwana Kolins alisafisha miwani yake. Nadhani hakutegemea kumwona.

"Mzee, ile si bandari nzuri. Meli inasimama mbali, baharini. Watu wanashushwa kwa kikapu, kikapu kinaning'inia, mawimbi makubwa. Jua kali sana. Meli inakaa saa chache tu. Sisi hapana kushuka. Nani atashika mtoto? Safari ingine, labda."

Baba alivaa kofia yake. Alinigeukia tu.

Nikafungua mlango wa gari, nikatoa furushi langu, nikaliweka chini ya ukuta wa duka karibu na kibuyu. Nikakaa juu yake.

"Yudita," alisema Bwana. "Panda gari."

"Bado, Bwana."

"Tunachelewa. Panda."

"Nitapanda Bwana akisema nitashuka Mogadisho. Asiposema, nitarudi Mdandu na Baba. Vyombo vya mtoto viko kwenye kapu la bluu, na uji wake uko kwenye chupa ya kutunza moto."

Sikupandisha sauti. Mhindi alimaliza kumimina mafuta, akafunga kifuniko, akafuta mikono, akasahau kuingia ndani. Robini aliniita kutoka dirishani. Memsahibu akamfungulia uji, akampa kijiko, mtoto akageuza uso. Akampa tena, akageuza tena. Sikuinuka. Nilimpenda mtoto yule, na kutoinuka kulinigharimu kuliko Italia.

Memsahibu akashuka akanijia, kofia yake ameishika kwa mkono upepo usiibebe.

"Yudita, wewe umengoja hii safari sana. Mimi najua. Utaacha Italia kwa ajili ya saa mbili?"

"Memsahibu," nilisema, "nyinyi mnavuka bahari kwenda kutazama makaburi ya watu msiowajua, waliokufa miaka elfu mbili iliyopita. Mmeyaandika kwenye kidaftari yasije yakasahaulika. Sikatai, ni mambo mazuri. Mimi naomba saa mbili kwa mtu tunayemjua. Jembe lake liko nyumbani."

Memsahibu alibaki amesimama, nywele zinampiga usoni. Kisha akageuka, akamwendea mumewe, wakasema Kiingereza. Hawakusema kwa muda mrefu. Nilisikia neno la kidaftari, na nikamwona Bwana anashika mfuko wa koti lake.

Alikitoa. Akafungua ukurasa wa kwanza, ule wenye makanisa, akaandika juu kabisa, juu ya makanisa yote, mahali ambapo karatasi ilikuwa karibu imekwisha. Akaja akanionyesha. Mogadisho, iliandikwa, na jina la Anania.

"Na namba yake, Bwana," nilisema. "Bila namba hawatamwona."

Nikamtajia namba. Akaandika.

"Mimi mwenyewe nitashuka na yeye," alimwambia Baba. "Memsahibu atakaa na mtoto. Hii si tutaona. Hii ni ndiyo."

Baba alimtazama usoni kama mtu anayepima ng'ombe. Kisha akaniinamia, akanipa kibuyu.

"Shangazi yako ametia ulezi ndani. Mpe kwanza, ndipo uchote. Na usikijaze mpaka mdomoni. Anania hakupenda kubanwa."

Nilipanda gari. Robini alikula uji wote kabla hatujaipoteza Makambako nyuma ya kilima.

*

Kikapu cha Mogadisho ni kweli kama kilivyosemwa. Unaingia pamoja na watu watatu, mashine inakuinua juu ya meli, inakutoa nje juu ya maji, na chini yako mashua inapanda na kushuka kama kifua cha mtu mwenye homa. Bwana Kolins alifumba macho. Mimi niliyaacha wazi, kwa sababu Baba angeuliza.

Makaburi ya askari yalikuwa nje ya mji, kwenye mchanga mwekundu, misalaba ya mbao imepangwa safu kwa safu. Mlinzi alikuwa na daftari. Tulimtajia namba, akapitisha kidole, akatupeleka. Jina halikuandikwa vizuri, lakini namba ilikuwa ileile. Nikapiga magoti, nikamwaga ulezi, nikamwambia kwa Kibena kwamba Lameki anamsalimu, Esteria anamsalimu, na jembe lipo. Kisha nikachota. Bwana alisimama nyuma yangu, kofia mkononi, katika jua lile, na muda wote huo hakutazama saa.

Italia niliiona pia. Jua lake ni la kweli, linaingia mpaka kwenye viungo. Nilitembea juu ya mawe yaliyokanyagwa na watu wa zamani na kuingia katika jumba kubwa la duara lililokatika upande mmoja, na nikasimama pale kwa heshima, maana nilijua sasa kinachowafanya watu waende kusimama mahali kama pale. Makaroni nilikula yakiwa kila moja peke yake, yanateleza, na ni matamu hivyohivyo. Lakini siku moja, katika nyumba ya wageni iliyo mbali kidogo na Venisi, nilisikia jikoni sauti ninayoijua. Nikasukuma mlango. Mama mmoja mnene alikuwa juu ya sufuria ya shaba, ameshika mti mrefu kwa mikono miwili, anasonga unga wa mahindi. Aliona ninavyotazama, akanipisha. Nikasonga. Tukaugeuza juu ya ubao, mlima wa manjano, akaukata kwa uzi. Bwana Kolins alipouona ukiletwa mezani, na mimi nyuma yake, aliacha kula.

"Yudita," alisema, "mimi nilikucheka bure."

Tulirudi Makambako Februari, mvua inanyesha na ulanzi, pombe ya mianzi, umejaa kila kilabu cha njiani. Baba alikuwa chini ya ukuta uleule. Alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akakitingisha karibu na sikio, akasikia nafasi niliyoiacha. Akakibeba mwenyewe mpaka Mdandu.

Udongo tuliuzika siku ya tatu, kando ya kaburi la babu. Jembe lilitiwa mpini mpya asubuhi hiyo, na Baba akachimba mwenyewe. Lilikuwa na kutu, likapiga mawe mara mbili, kisha likaingia. Watu walipokwisha kuimba na kutawanyika, tulibaki watatu uani. Mchanga mwekundu kidogo ulikuwa umebaki kwenye ukucha wa dole gumba la Baba.

"Sasa nisimulie habari za Italia," alisema.

Nikamsimulia jua. Nikamsimulia mawe. Aliyasikiliza mabomoko kwa uvumilivu, akitikisa kichwa. Kisha nikamwambia habari ya yule mama na ule mti mrefu.

"Wanasonga?"

"Wanasonga, Baba. Unga wa mahindi. Kwa mwiko mrefu kuliko wetu."

Shangazi aliacha kufagia.

"Basi ni watu," alisema Baba. Aliliegemeza jembe ukutani, upande wa nje safari hii, maana kesho lilikuwa na kazi. Kisha akanigeukia tena.

"Wanaula kwa mboga gani?"